Meli za Kiraia Zilizogeuzwa za Kivita katika Ziwa Tanganyika

Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mataifa hayakutegemea manowari pekee. Uingereza ilikodi mamia ya meli ndogo za uvuvi, ikazifunga mizinga na kuzipa kazi za doria, mara nyingi zikiwa na wavuvi wake zilezile. Mkataba wa VII wa The Hague wa mwaka 1907 ulikwishaweka masharti: meli ya biashara ikigeuzwa ya kivita, sharti iwe chini ya mamlaka ya serikali, ibebe alama za manowari za taifa lake, iongozwe na ofisa wa serikali, na mabaharia wake wafuate nidhamu ya kijeshi.

Ziwa Tanganyika halikuwa na manowari halisi vita vilipoanza, hivyo kila chombo chenye injini kikawa silaha. Huko Kigoma, ambako leo wavuvi wa Katonga na Kibirizi hupakua dagaa na migebuka, Wajerumani waliifunga mizinga meli Hedwig von Wissmann. Tarehe 22 Agosti 1914 iliishambulia Alexandre Delcommune ya Wabelgiji. Mwezi Novemba, Wajerumani waliziharibu meli za upande wa Waingereza, Cecil Rhodes na Good News, kusini mwa ziwa. Good News iliundwa kwa ajili ya wamisionari; kosa lake lilikuwa uwezekano wa kufungwa mzinga.

Kutoka Dar es Salaam ililetwa Kingani kwa reli iliyofika Kigoma mwaka huohuo. Mwaka 1915 ikashushwa majini Graf von Götzen, iliyoagizwa na kampuni ya reli kwa kubeba abiria na mizigo. Baadaye ilifungwa mzinga wa manowari Königsberg, iliyoangamia katika delta ya Rufiji.

Waingereza walijibu kwa boti mbili za urefu wa takribani mita 12, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kwa bahari hadi Cape Town, kisha kwa reli, kukokotwa porini na kupita mtoni hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, iliyopewa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig von Wissmann ilizamishwa.

Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe Graf von Götzen, baada ya kupaka injini zake grisi. Mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwishaondolewa kwa ajili ya vita vya nchi kavu. Meli iliibuliwa mwaka 1924 na kurejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ikibeba abiria na mizigo.