Upepo au Jahazi: Kipindupindu kati ya Matrah na Pangani

Mwaka 1821 kipindupindu kilivuka bahari kutoka India kikaingia Maskati, katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan. Matrah, ghuba jirani ambako misafara ya ngamia ilikutana na majahazi, haikuweza kujifungia mlango. Riziki yake ilikuwa wageni.

Maradhi yalisafiri na nini? Jibu lilikuwa na bei. Kama yalichukuliwa na watu, meli zilipaswa kuzuiwa karantini. Kama yalikuwa hewani, karantini ilikuwa hasara tupu. Mkutano wa kimataifa wa Istanbul, mwaka 1866, uliamua kwamba ni watu. Watawala wa Kiingereza nchini India, wenye biashara kubwa ya baharini, hawakukubali. Mtakwimu wao, James Bryden, alishikilia kwamba kipindupindu hupeperushwa na pepo za msimu, na kamishna wao wa afya, J. M. Cuningham, alikanusha uambukizi kwa miaka mingi.

Ukitazama kutoka Matrah, hoja ya Bryden haikuwa ya kipuuzi. Jahazi nalo huendeshwa na kaskazi na kusi. Upepo na baharia hufika pamoja. Bandarini nani angewatenganisha?

Aliyewatenganisha ni Dk. James Christie, tabibu aliyeishi Zanzibar. Kipindupindu cha 1869 kilifika Unguja kwa njia isiyotazamiwa: kilishuka kutoka kaskazini, kikapita Umasaini, kikatokea Pangani, ndipo kikavuka. Christie aliwahoji watu wa misafara, akalinganisha habari za kituo hata kituo. Maradhi yalikuwa yamefuata njia za wafanyabiashara, bila kujali upepo unavuma wapi. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1876, na nguvu yake kubwa imo katika maneno ya wasafiri hao, ambao hakuna mkutano wowote uliowaalika.

Hata hivyo sera haikugeuka. Robert Koch alipokitambua kijidudu cha kipindupindu huko Calcutta mwaka 1884, Uingereza ilituma wataalamu wake, nao wakampinga.

Mapatano ya kwanza yalipatikana Venice mwaka 1892, miaka 41 baada ya mkutano wa kwanza wa Paris. Yalihusu meli zinazopita Suez kuelekea Ulaya. Majahazi ya Matrah hayakupita huko.