Nani Ampime Mwalimu? Historia ya Tathmini ya Walimu na Walimu Wakuu Katika Shule za Marekani

Suala tunaloliangazia leo linawagusa wazazi, walimu na serikali kila mahali: kazi ya mwalimu ipimwe vipi, na ni nani anayestahili kuipima? Kuanzia mwaka 2009 Marekani ilijaribu kulijibu swali hilo kwa gharama kubwa mno. Majibu iliyoyapata hayakuwa yale iliyoyatarajia.

Mjadala wenyewe ni wa zamani, na haukuanzia Marekani. Mwaka 1862 serikali ya Uingereza, kupitia Robert Lowe aliyekuwa akisimamia masuala ya elimu, ilianzisha utaratibu uliojulikana kama malipo kwa matokeo. Mkaguzi alifika shuleni, akawapima watoto kusoma, kuandika na kuhesabu. Ruzuku ya shule ilitegemea idadi ya waliofaulu pamoja na mahudhurio yao, na mara nyingi mshahara wa mwalimu nao uliifuata ruzuku hiyo. Mshairi mashuhuri Matthew Arnold, ambaye alijipatia riziki yake kwa ukaguzi wa shule, aliupinga utaratibu huo. Aliona walimu wakifundisha kwa ajili ya mkaguzi, na watoto wakikariri wasiyoyaelewa. Katika miaka ya 1890 utaratibu huo ukaachwa.

Tuvuke sasa bahari hadi Marekani. Huko shule za umma haziendeshwi na wizara moja iliyoko mji mkuu. Zipo wilaya za shule zaidi ya 13,000, na nyingi kati ya hizo zina bodi inayochaguliwa na wananchi. Wilaya ndiyo inayomwajiri mwalimu na kumlipa. Kwa miongo mingi tathmini ilikuwa jambo jepesi: mwalimu mkuu aliingia darasani mara moja au mbili kwa mwaka, akajaza fomu, akaandika kwamba mwalimu anaridhisha, na shughuli ikaishia hapo.

Mwaka 1983, wakati wa utawala wa Rais Ronald Reagan, tume ya serikali ilitoa ripoti iliyoonya kwamba taifa lilikuwa hatarini kwa sababu ya elimu dhaifu. Tangu hapo wanasiasa wa vyama vyote viwili walianza kudai ushahidi wa matokeo. Mwaka 1992 jimbo la Tennessee lilipitisha sheria iliyotumia hesabu za William Sanders, mtaalamu wa takwimu aliyewahi kufanya kazi katika nyanja ya kilimo. Wazo lake halikuwa gumu kulielewa. Chukua alama za mtoto za miaka iliyopita, ukadirie atakachopata mwaka huu, kisha ulinganishe na alichopata kweli. Tofauti baina ya viwili hivyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mchango wa mwalimu. Naye Rais George W. Bush alipotia saini sheria mpya ya elimu mwezi Januari mwaka 2002, mitihani ya kusoma na hesabu ikawa ya lazima kila mwaka kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Sasa takwimu za kufanyia hesabu hizo zikapatikana nchi nzima.

Mwaka 2009 shirika moja la elimu lilichapisha uchunguzi wa wilaya 12 katika majimbo manne. Katika wilaya zilizokuwa na daraja mbili tu, ya kuridhisha na ya kutoridhisha, zaidi ya asilimia 99 ya walimu walipewa daraja ya kuridhisha. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wakosoaji waliuliza: ikiwa kila mwalimu ni mzuri, mbona watoto wengi hawajui kusoma?

Mwaka huohuo Marekani ilikuwa katika msukosuko wa uchumi, na hazina za majimbo zilikuwa tupu. Serikali ya Rais Barack Obama, kupitia Waziri wa Elimu Arne Duncan, ilitenga dola bilioni 4.35 na kuyataka majimbo yashindanie fedha hizo. Jimbo lenye sheria iliyozuia matokeo ya wanafunzi kuhusishwa na tathmini ya walimu na walimu wakuu halikuruhusiwa hata kushiriki. Mwezi Machi mwaka 2010 Delaware na Tennessee zikawa za kwanza kushinda. Majimbo mengine, yaliyoshinda na yaliyoshindwa, yakabadili sheria zao kwa haraka.

Mji mkuu Washington ulikuwa umetangulia. Mkuu wa shule za umma za jiji hilo, Michelle Rhee, alianzisha mfumo mpya katika mwaka wa masomo wa 2009 hadi 2010. Mwalimu alitembelewa darasani mara tano kwa mwaka. Kwa wale waliofundisha madarasa yenye mitihani ya wilaya, nusu ya alama zao ilitokana na matokeo ya wanafunzi. Waliofanya vizuri sana waliweza kupata bahashishi ya hadi dola 25,000. Mwezi Julai mwaka 2010 walimu 241 waliachishwa kazi, 165 kati yao kwa sababu ya alama za chini. Miezi miwili baadaye meya aliyemteua Rhee, Adrian Fenty, alishindwa katika uchaguzi wa mchujo wa chama chake, na mwezi Oktoba Rhee mwenyewe akajiuzulu. Mfumo wake hata hivyo ulibaki.

Huko Tennessee, utekelezaji ulionyesha ugumu wa namna nyingine. Katika mwaka wa masomo wa 2011 hadi 2012, kila mwalimu alitakiwa kutembelewa darasani mara nne au zaidi. Msikilizaji, fanya hesabu: katika shule yenye walimu 30, hizo ni ziara zisizopungua 120, na nyingi kati yake ziliambatana na mazungumzo na kumbukumbu za maandishi. Mwalimu mkuu ndiye aliyebeba mzigo huo, huku naye akipimwa kwa matokeo ya shule yake. Walimu wa muziki, sanaa na michezo, ambao masomo yao hayakuwa na mtihani wa jimbo, walipimwa kwa alama za shule nzima, yaani kwa kazi ya watu wengine. Katika jimbo la New York walimu wakuu zaidi ya 1,000 walitia saini barua ya kuupinga mfumo wa jimbo lao. Si jambo la kawaida kwa viongozi wa shule kuandikia wakubwa wao namna hiyo.

Mnamo Septemba mwaka 2012, walimu wa Chicago waligoma kwa mara ya kwanza katika miaka 25, na uzito wa mitihani katika tathmini ulikuwa miongoni mwa hoja zao. Kesi nazo zikafuata. Mwalimu mmoja wa darasa la nne katika jimbo la New York alipata alama 14 kati ya 20 mwaka mmoja, na mwaka uliofuata akapata alama 1, ilhali wanafunzi wake walifanya vizuri miaka yote miwili. Mwaka 2016 jaji aliamua kwamba alama hiyo haikuwa na msingi wa haki. Huko Houston, mwaka 2017, mahakama iliruhusu kesi ya walimu iendelee, kwa kuwa hesabu zilizohatarisha ajira zao zilikuwa siri ya kampuni binafsi, na hapakuwa na njia ya kuzihakiki. Tayari mwaka 2014 chama cha wanatakwimu wa Marekani kilikuwa kimetahadharisha kwamba, kwa mujibu wa tafiti nyingi, walimu huchangia kati ya asilimia 1 na 14 tu ya tofauti za alama za wanafunzi.

Mwezi Desemba mwaka 2015 Rais Obama alitia saini sheria iliyoiondolea serikali kuu uwezo wa kuyaamuru majimbo namna ya kuwatathmini walimu. Mwaka 2018 taasisi ya utafiti ya RAND ilitoa hesabu ya mradi uliofadhiliwa kwa sehemu na Wakfu wa Bill na Melinda Gates katika wilaya tatu na mitandao minne ya shule. Mradi huo uligharimu dola milioni 575, lakini haukufikia lengo lake la kuinua matokeo ya wanafunzi. Watafiti wengine, walioyaangalia majimbo yote, walieleza mwaka 2021 kwamba kwa ujumla mageuzi hayo hayakuongeza ufaulu.

Haki inatutaka tuseme pia kwamba Washington ilitoa picha tofauti. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa walimu waliokuwa karibu kuachishwa kazi ama waliondoka kwa hiari au waliboresha kazi yao. Jiji hilo, hata hivyo, lilikuwa na fedha, wakaguzi kutoka nje ya shule, na utaratibu uliorekebishwa mara kwa mara.

Kwingineko lilitokea jambo la kustaajabisha. Mwaka 2017 watafiti wawili walichunguza majimbo 24 yaliyokuwa na mifumo mipya. Katika majimbo mengi, walimu waliopewa daraja za chini hawakufika asilimia 3. Mizani ilikuwa mpya, lakini kipimo kilikuwa kilekile cha zamani. Walipowahoji walimu wakuu, walielezwa sababu: muda hautoshi, ni vigumu kumwambia mwenzako ana kwa ana kwamba kazi yake ni dhaifu, na huenda atakayekuja badala yake akawa dhaifu zaidi.

Hapo ndipo lilipo fundisho la historia hii. Watunga sera walitafuta hesabu itakayosema ukweli ambao mwalimu mkuu alisita kuusema. Lakini hesabu haikumpa mwalimu mkuu muda, wala ujuzi, wala ujasiri. Na tathmini ilipofungamanishwa na kufukuzwa kazi, aliyepima alizidi kusita, na aliyepimwa alizidi kuficha udhaifu wake badala ya kuomba msaada. Arnold aliliona jambo linalofanana na hilo zaidi ya miaka 150 iliyopita.

Suala hili si geni Afrika Mashariki. Nchini Kenya, Tume ya Huduma za Walimu ilianzisha mfumo wake wa tathmini kwa walimu wote wa shule za umma mwaka 2016, na walimu wakuu wakatakiwa kutia saini mikataba ya utendaji. Huko nako vyama vya walimu vililalamikia wingi wa makaratasi. Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, popote mwanao anaposoma, iwe Minneapolis, Muscat au Machakos, yapo maswali mawili ya kuuliza kabla ya kuuliza alama ya mwalimu wake. Ni nani aliyeingia darasani kumtazama akifundisha? Na baada ya kumtazama, alimsaidia nini?