Jina la Mama katika Nchi ya Shaba

Huko Musumba, makao ya Mwant Yav, mfalme wa Walunda, katika eneo ambalo leo limo ndani ya mkoa wa Lualaba nchini Kongo, kulikuwa na mwanamke mwenye cheo cha Lukonkeshia. Aliitwa mama wa mfalme, ingawa haikuwa lazima awe amemzaa. Umama huo ulikuwa kiti: aliyekikalia alikuwa mama wa mfalme aliyepo, na alipofariki, mwingine alikikalia na kuurithi. Alikuwa na baraza lake, watu wake na ushuru wake. Pamoja naye alikuwepo Swana Mulunda, mama wa Walunda wote, aliyekikalia kiti cha Ruwej, bibi anayetajwa katika masimulizi ya chimbuko la dola hilo. Naanzia hapo kwa sababu tukitaka kujua jinsi wanawake wa nchi hii ya shaba walivyotambuliwa kuwa viongozi, hatuna budi kulichukua neno mama kama jina la madaraka. Hoja yangu ni kwamba katika ukanda huu heshima ya uongozi wa mwanamke iliyodumu ni ile aliyopewa na watu aliowalea. Tuzo alizopewa na waliomsimamia zilikwisha pamoja na wasimamizi hao.

Kisha migodi ilikuja. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na kwa miaka mingi ilitaka wanaume peke yao: waje, wachimbe, mkataba ukiisha warudi kwao. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 ilibadili njia. Iliona kwamba mfanyakazi mwenye mke hakimbii kazi, anakula vizuri na anapata watoto watakaokuja kuwa wafanyakazi. Ndipo familia zikajengewa kambi, na mji wa Kolwezi, ulioanza mwaka 1937, ulikua ndani ya mpango huo. Mke alihesabiwa kwenye posho, kwenye nyumba na hospitalini, lakini alihesabiwa kwa jina la mume. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi ameeleza kwa kina jinsi kampuni ilivyojifanya mzazi wa kila nyumba. Wafanyakazi wenyewe walizoea kusema kwamba kampuni ndiyo baba, kampuni ndiyo mama. Msemo huo una uzito kuliko unavyoonekana. Umama, ambao Musumba ulikuwa kiti cha mwanamke mwenye baraza, sasa ulikuwa mikononi mwa kampuni inayogawa unga.

Watu wa migodini hawakukaa kimya. Walijiundia vyama vya ngoma na kujipa vyeo wao wenyewe. Mbeni, ngoma iliyotoka pwani ya Afrika Mashariki na kusambaa bara wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, ilikuwa na mfalme, gavana na madaktari wake. Ng'ambo ya mpaka, katika mji wa migodi wa Luanshya, mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliitazama ngoma ndugu yake, kalela, na kitabu chake kuihusu kilitoka mwaka 1956. Humo tunamkuta mwanamke mmoja tu katika kundi zima, anayeitwa nesi. Amevaa nguo nyeupe, mkononi ana kioo na leso, naye huwapitia wachezaji mmoja mmoja wajitazame na kujifuta, wabaki nadhifu. Amepewa cheo, na kila mtu anamwona. Ila kazi ya cheo chenyewe ni kutunza mwonekano wa wanaume. Hata pale Waafrika walipogawa vyeo kwa hiari yao, walimkatia mwanamke nafasi kwa kipimo cha hospitali ya mzungu.

Namna ya pili ya kumtambua mwanamke ilitoka juu moja kwa moja. Katika foyers sociaux, vituo vya ustawi vilivyoenea katika miji ya Kongo na Ruanda-Urundi baada ya Vita Kuu ya Pili, masista na walimu wa Kibelgiji waliwafundisha wake za wafanyakazi kushona, kupiga pasi, kupika na kuogesha watoto. Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura, kulikuwa na mashindano ya nyumba zilizotunzwa vizuri, na washindi walipewa zawadi. Siyadharau mafunzo hayo. Mwanamke aliyejua kushona alikuwa na fedha yake mkononi mume alipofukuzwa kazi. Ninachouliza ni kilichokuwa kinapimwa. Sakafu ilikaguliwa, na mapazia, na vyombo, lakini hakuna aliyeuliza ni majirani wangapi walijifunza kwa mwanamke yule, wala ni nani aliyemkimbilia usiku mtoto alipougua. Zawadi ilimtenga mshindi na wenzake. Haikumpa watu wa kuwaongoza, na haikumpa sauti mbele ya wale waliomkagua.

Ni Kolwezi hiyohiyo iliyotoa jibu. Mwaka 1953 Padri Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji aliyekuwa Katanga tangu 1933 na aliyejulikana kwa kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu, alianza kazi miongoni mwa wafanyakazi wa Union Minière mjini humo. Kutokana na mikutano yake na watu wa kambi lilizaliwa kundi ambalo wenyewe waliliita Jamaa. Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili cha Katanga, yakizunguka mawazo matatu: uzima, uzazi na mapendo. Mume na mke waliingia pamoja, wakafundishwa na mume na mke waliowatangulia, na wakapanda kwa hatua, kutoka njia ya kwanza hadi ya pili na ya tatu. Waliokomaa waliitwa baba na mama, na waliofundishwa nao walikuwa watoto wao. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyelichunguza kundi hili katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1971, alionyesha jinsi uhusiano huo wa mzazi na mtoto ulivyokuwa ndio mfumo wenyewe wa uongozi.

Tuitazame kanuni hiyo kwa karibu. Mwanaume hakuweza kusonga mbele peke yake akimwacha mkewe nyumbani. Kama mke hajaelewa, au kama wawili hawaelezani mawazo yao, njia ilikuwa imefungwa kwa wote wawili. Katika mji ambao kila karatasi ya mke ilibeba jina la mume, hapa hatua ya mume ilimtegemea mke. Kisha lipo neno uzazi. Ndani ya Jamaa uzazi haukuishia tumboni. Kuzaa kulikuwa pia kumleta mtu katika njia na kumlea mpaka naye aweze kulea. Mwanamke aliitwa mama kwa sababu kulikuwa na watu wazima, wenye kazi na nyumba zao, waliotamka kwamba yeye ndiye aliyewazaa. Hapakuwa na cheti wala medali. Ushahidi wa uongozi wake ulikuwa watu wanaotembea mitaani, na yeyote aliyetaka kuupima aliweza kuwauliza. Jina ambalo kampuni ilijitwalia lilirudi kwa mwanadamu, na likarudi kwa mwanamke.

Kuna pingamizi tatu, na kila moja inastahili jibu. Ya kwanza inasema Jamaa ilikuwa kazi ya padri mzungu, kwa hiyo haiwezi kuwa ushahidi wa desturi ya watu wa Lualaba. Ni kweli kwamba bila Tempels isingeanza jinsi ilivyoanza. Lakini yeye aliondoka Kongo mwaka 1962 na hakurudi, na Jamaa haikuondoka naye. Iliendelea kuenea katika miji ya shaba mikononi mwa wafanyakazi na wake zao, kwa lugha yao. Kitu kinachoendelea kukua baada ya mpandaji kuondoka kimeshika mizizi katika udongo, na udongo huo ulikuwa umekwisha kumjua Lukonkeshia. Sidai kwamba akina mama wa Kolwezi waliiga ikulu ya Musumba, kwani wengi walitoka Kasai na sehemu nyingine za mbali. Nadai tu kwamba katika nchi hii mtu kuwa mama wa watu asiowazaa halikuwa jambo la kushangaza.

Pingamizi ya pili ni nzito zaidi: kumwita kiongozi mama ni kumfunga kwenye ndoa na malezi, na kumsahau msichana asiyeolewa. Hapa nakubali sehemu. Jamaa ilimweka mume na mke katikati, na mwanamke aliye peke yake hakuwa na nafasi ileile. Lakini mapadri na masista nao waliingia katika Jamaa na kupata watoto wa kiroho, jambo linaloonyesha kwamba hata ndani ya kundi umama na ubaba ulivuka mipaka ya ndoa. Pingamizi ya tatu ni kwamba heshima isiyoandikwa popote inaweza kugeuka mamlaka yasiyohojiwa. Ndivyo ilivyotokea kwa baadhi. Usiri uliwaletea wanajamaa shutuma, matawi yaliyopotoka yalijitokeza, na katika miaka ya 1970 maaskofu waliwabana kwa masharti makali. Funzo hapo ni kwamba jina linalotolewa na watu linahitaji uwazi. Halitufundishi kurudi kwenye zawadi ya mkaguzi, kwa sababu mkaguzi naye ana upendeleo wake, na yeye hahojiwi na wale anaowakagua.

Historia ilizipima kwa ukali njia hizi mbili, tuzo itokayo juu na jina litolewalo na watu. Union Minière ilitaifishwa mwaka 1967, na kampuni ya serikali, Gécamines, ikaurithi uzazi wake pamoja na migodi. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto, hapo Kolwezi, uliporomoka. Uzalishaji ulianguka, mishahara ikachelewa, na mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Baba na mama wa karatasi hawakuonekana tena. Waliosimama ni wanawake sokoni, wenye meza za unga, samaki wakavu na mkaa, na vikundi vya likelemba ambamo kila mmoja anachanga na kila mmoja anapokea zamu yake. Katika kikundi cha namna hiyo anayeshika fedha huchaguliwa kwa jambo moja: wenzake wanamwamini kwa sababu wamekwisha kumwona akitunza cha mtu.

Jambo hili linawahusu hasa wasichana waliopo vyuoni leo. Marekani, wanafunzi wanawake weusi wa Chuo Kikuu cha Howard walianzisha Alpha Kappa Alpha mwaka 1908 na Delta Sigma Theta mwaka 1913. Vyama hivyo vya udada vina matawi katika vyuo vingi, na vina desturi ya kuwatunuku wanafunzi walioongoza vizuri. Kongo haikuweza kuwa na desturi hiyo wakati ule. Chuo kikuu cha Elisabethville, ambayo leo ni Lubumbashi, kilifunguliwa mwaka 1956 tu, na Sophie Kanza, Mkongomani wa kwanza mwanamke kupata shahada ya chuo kikuu, alihitimu Chuo Kikuu cha Lovanium mwaka 1964, miaka minne baada ya uhuru. Miaka miwili baadaye alikuwa waziri. Wakati milango ya vyuo ilipokuwa imefungwa, chuo cha uongozi cha mwanamke wa Kolwezi kilikuwa kambini. Sasa mabinti wanasoma Kolwezi na Lubumbashi kwa wingi, na mkoa wa Lualaba wenyewe umepata gavana mwanamke, Fifi Masuka. Vyeti na sherehe za kuwatunuku vinakuja, na ni vizuri vije.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wakuu wa vyuo, wafadhili na viongozi wa vyama vya wanafunzi wa ukanda huu. Mkitaka kumtunuku msichana kwa uongozi, msiishie kwenye alama zake, hotuba yake na picha aliyopiga na wakubwa. Waiteni kwanza wadogo zake wa mwaka wa kwanza. Waulizeni nani aliwaonyesha njia walipofika bila kumjua mtu, nani alishika michango yao na kuitolea hesabu mbele ya wote, na nani amemwandaa mwenzake ashike kazi yeye atakapoondoka. Majibu yaandikwe na yasomwe hadharani, ili kosa la usiri lisirudiwe. Yule atakayetajwa na wengi aliowainua ndiye mpewe heshima. Musumba walilijua hilo, na akina mama wa kambi za Kolwezi walilijua pia: mama anajulikana kwa wana.