Chimbuko la Taa na Michoro ya Barabarani

Taa na michoro ambayo dereva mwanafunzi hutakiwa kuifahamu kabla ya kupewa leseni ni zao la majaribio ya zaidi ya karne moja, na nyingi kati ya alama hizo zilibuniwa ili kuziba pengo ambalo hatari au ajali ilikuwa imelidhihirisha. Anayeijua historia hiyo huelewa kila alama inamkinga nani na dhidi ya nini, na kwa sababu hiyo huitii hata pale ambapo hakuna askari anayemtazama.

Rangi za taa zilitoka kwenye reli. Katika reli za Uingereza za karne ya 19, nyekundu iliamuru kusimama, kijani ilitaka tahadhari na nyeupe ilionyesha kwamba njia ni wazi. Tarehe 10 Desemba 1868 mhandisi wa reli, J. P. Knight, aliuleta utaratibu huo barabarani kwa kusimamisha karibu na Bunge, jijini London, mlingoti uliokuwa na mikono ya kuinuliwa na kushushwa, pamoja na taa za gesi nyekundu na kijani za kutumiwa usiku, ukiendeshwa na askari polisi. Mwezi uliofuata gesi ililipuka na kumjeruhi askari huyo, na mtambo ukaachwa. Reli nazo baadaye ziliiacha nyeupe, kwa kuwa kioo chekundu kikivunjika mwanga wake ungeonekana mweupe na kutoa ruhusa ya uongo. Ndipo kijani ikawa rangi ya kupita.

Umeme ndio uliofufua wazo la Knight. Tarehe 5 Agosti 1914 mji wa Cleveland, Marekani, uliweka kwenye makutano taa za umeme za rangi mbili, nyekundu na kijani, zilizoongozwa na askari aliyekaa kibandani. Hata hivyo, rangi mbili hazikumpa dereva aliyekwisha kuyakaribia makutano muda wa kusimama salama, na mwaka 1920 askari polisi wa Detroit, William Potts, aliongeza taa ya njano katikati yake. Kwa hiyo njano iliwekwa ili kuyaachia makutano nafasi ya kubaki matupu kabla ya upande mwingine kuruhusiwa, na dereva anayeongeza mwendo anapoiona anaondoa kinga ile ile iliyokusudiwa.

Michoro ya barabarani ilianza kwa namna hiyo hiyo. Mwaka 1911 Edward Hines, msimamizi wa barabara katika jimbo la Michigan, alichora mstari wa katikati ili magari yanayopishana yasigongane, na huko California daktari June McCarroll, ambaye gari lake lilisukumwa nje ya barabara na lori mwaka 1917, alichora mstari wake na kuipigania fikra hiyo hadi serikali ya jimbo ilipoikubali mwaka 1924. Kutokana na mistari hiyo kulikuzwa lugha kamili: mstari usiokatika humkataza dereva kuuvuka, mstari wa vipande humruhusu kuuvuka endapo mbele ni salama, na mistari miwili inapokwenda sambamba, mmoja ukiwa wa vipande, dereva hufuata ule ulio karibu naye. Kivuko cha pundamilia, yaani milia myeupe na myeusi inayompa mtembea kwa miguu haki ya kutangulia, kilifanyiwa majaribio Uingereza mwaka 1949 na kuingizwa katika sheria mwaka 1951, kwa sababu vivuko vya awali havikuonekana vyema na madereva.

Kadiri magari yalivyozidi kuvuka mipaka, alama zilihitaji kufanana, na tarehe 8 Novemba 1968 ulitiwa saini mjini Vienna mkataba wa kimataifa wa alama na ishara za barabarani, yaani makubaliano ya nchi kutumia maumbo na rangi zinazofanana. Faida yake huonekana Afrika Mashariki, ambako magari hupita kushoto nchini Kenya, Uganda na Tanzania, na kulia nchini Rwanda na Burundi: upande wa kupita hubadilika mpakani, lakini nyekundu inabaki kuwa amri ya kusimama na pembetatu yenye ukingo mwekundu inabaki kuwa onyo.

Ingawa zinalindwa na sheria, alama hizi hutegemea pia kuaminiana, kwa maana anayepita kwenye kijani huwa ameweka uhai wake mikononi mwa mgeni aliyesimamishwa na nyekundu. Ndiyo maana kufundisha alama bila kufundisha sababu zake ni kazi iliyoishia njiani, na shule za udereva zinapaswa kumpa mwanafunzi yote mawili.