Walaji wa Shaba wa Katanga

Mwaka 1516 Mtakatifu Thomas More, Mwingereza, alitunga kitabu juu ya msafiri aliyefika kisiwa kisicho na maskini. Kisiwa hicho hakikuwako popote duniani. Lakini tangu hapo wageni wengi waliofika Afrika wamedhani wamekiona: misitu mizima, watu wasio na tamaa. Je, mababu zetu wa kando ya Lufira waliishi hivyo?

Mgeni mmoja alichunguza. Padre Jean-Félix de Hemptinne, mmonaki Mbenedikto wa Ubelgiji, alifika Katanga mwaka 1910, na baadaye akawa Askofu. Mwaka 1926 alichapisha habari za “walaji wa shaba”, ndio mafundi wa zamani. Watu hao walingoja mavuno yaishe, ndipo wakaenda machimboni wakati wa kiangazi. Wanawake na watoto waliokota mawe ya kijani juu ya ardhi, wanaume wakachimba. Waliyayeyusha katika tanuru za udongo wa kichuguu, kwa makaa na mivuo, wakamimina misalaba ya shaba. Mvua ikikaribia, walirudi mashambani.

Basi kazi yao ilikuwa na kipimo, kwa maana jembe lilitangulia. Lakini tusiwafanye malaika. Makaa yale yalitaka miti ikatwe. Tena Msiri, mfalme wa Bunkeya aliyeuawa mwaka 1891, aliuza shaba na pembe, na watumwa pia. Paradiso haikuwako.

Union Minière ilipoanzishwa mwaka 1906, kipimo kile kilianza kupotea. Machimbo hayakungoja tena kiangazi. Bwawa la Mwadingusha, lililomalizika mwaka 1930, lilizaa ziwa letu la Tshangalele, ambalo hulisha wavuvi wengi wa Kapolowe. Lakini maji ya mto Panda hutuletea uchafu wa madini kutoka Likasi, na wataalamu wamekuta kobalti katika samaki.

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha kwamba mtu alipewa bustani ili ailime na kuilinda. Papa Fransisko alitukumbusha neno hilo mwaka 2015 katika barua yake Laudato Si’, akisema kwamba nchi ikiumia, maskini huumia kwanza. Wasomaji wapenzi, wenye viwanda tuwadai maji safi, nasi wenyewe tupande miti tunapokata makaa. Mababu walijua wakati wa kuacha kuchimba; neno hilo moja tuwafundishe watoto wetu.