Railroad Tycoon: Reli iliyotoka kwenye kompyuta ikarudi mezani

KATIKA michezo mingi ya biashara, mchezaji hupewa mtaji kabla ya kuanza. Monopoly, kwa mfano, humkabidhi kila mmoja noti zake kabla dadu halijarushwa. Mchezo wa ubao uitwao Railroad Tycoon, uliotolewa mwaka 2005 na kampuni ya Eagle Games ya Marekani, hauna ukarimu huo. Mchezaji huketi mezani mikono mitupu, bila hata dola moja, na jambo la kwanza linalomlazimu ni kukopa.

Mchezo huo wa watu wawili hadi sita ulitokana na mchezo wa kompyuta wenye jina hilohilo, uliotolewa mwaka 1990 na kampuni ya MicroProse. Waliobuni ule wa kompyuta ni Sid Meier na msaidizi wake, Bruce Shelley, ambao mwaka uliofuata walitoa mchezo mashuhuri zaidi wa Civilization. Wapenzi wa michezo ya kompyuta huihesabu kazi hiyo ya mwaka 1990 kuwa miongoni mwa nguzo za michezo ya kiuchumi, ambamo ushindi hupatikana kwa kupanga mapato na matumizi badala ya kufyatua risasi.

Asili yake ni meza

Wengi hudhani kwamba safari ya mchezo huu ilianzia kwenye kompyuta. Ukweli ni kwamba kompyuta yenyewe ilikopa kutoka mezani. Mwaka 1974, Mwingereza Francis Tresham alitoa mchezo wa ubao ulioitwa 1829, unaohusu kampuni za reli za Uingereza na ununuzi wa hisa zake. Mwaka 1986, kampuni ya Avalon Hill ya Marekani ilichapisha mchezo mwingine wa Tresham, 1830, uliohamishia mashindano hayo katika majimbo ya mashariki ya Marekani.

Miongoni mwa waliouandaa mchezo wa 1830 kwa ajili ya kuchapishwa alikuwa Bruce Shelley, ambaye wakati huo alikuwa mwajiriwa wa Avalon Hill. Alipohamia MicroProse, alikwenda na uzoefu huo. Meier kwa upande wake alikuwa ameanza kwa kujaribu kuunda treni za mfano ndani ya kompyuta. Mambo hayo mawili, treni za mfano na ushindani wa matajiri wa reli, yalipokutana, Railroad Tycoon ikazaliwa.

Katika mchezo wa kompyuta, mchezaji hujenga stesheni, hutandika reli na kupanga safari za treni. Makaa ya mawe hupelekwa kwenye kiwanda cha chuma, chuma nacho hupelekwa kwenye viwanda vya bidhaa. Mashine ndiyo inayokokotoa bei, mwendo wa kila treni, mahitaji ya kila mji na hila za kampuni pinzani. Mezani hakuna wa kuifanya kazi hiyo isipokuwa wachezaji wenyewe, na hapo ndipo penye ugumu kwa yeyote anayetaka kuugeuza mchezo wa namna hiyo kuwa wa ubao.

Kilichoachwa na kilichobaki

Eagle Games, chini ya mwanzilishi wake Glenn Drover, iliikabili kazi hiyo kwa kumtegemea mbunifu Mwingereza Martin Wallace. Mwaka 2002, Wallace alikuwa ametoa mchezo wake wa reli ulioitwa Age of Steam, unaosifiwa kwa ukali wake: mchezaji anayekosa fedha za kulipia gharama zake huweza kufilisika na kuondolewa mchezoni. Kanuni za mchezo huo zililegezwa, zikavikwa jina na mandhari ya Railroad Tycoon, kisha zikawekwa juu ya ramani kubwa ya mashariki ya Marekani, ambayo hujaza meza nzima.

Mambo mengi ya kompyuta yaliachwa. Hakuna ratiba za treni wala stesheni za kupanua, na mchezaji hawezi kununua hisa za mpinzani wake. Shehena zote zimekuwa michemraba midogo ya rangi, ambayo hupangwa katika miji mwanzoni mwa mchezo bila utaratibu maalumu. Mchemraba mwekundu husafirishwa hadi mji mwekundu, wa buluu hadi mji wa buluu. Makaa, chuma na abiria vimebaki kuwa rangi tu.

Kila duru huanza kwa mnada wa kumpata atakayetangulia. Kisha kila mchezaji hupata zamu tatu, na katika kila zamu hufanya jambo moja tu: kutandika reli, kuboresha kichwa cha treni, kusafirisha shehena, kuchukua kadi au kuugeuza mji mdogo kuwa mji wenye rangi, kazi inayogharimu dola 10,000. Reli katika tambarare hugharimu dola 2,000 kwa kila kipande cha pembe sita. Penye mto bei hupanda, na penye milima hupanda zaidi.

Kila sehemu ya njia inayounganisha mji na mji huhesabiwa kuwa kiungo kimoja, na shehena ikipita juu yake, mwenye kiungo hicho hupata alama moja. Kichwa cha treni cha daraja la kwanza hupita kiungo kimoja tu, na daraja la juu kabisa ni la nane. Shehena sharti ianze safari yake juu ya reli ya anayeisafirisha, lakini yaweza kuendelea juu ya reli za wengine, nao wakavuna alama. Kwa hiyo mara nyingi mchezaji hulazimika kuchagua kati ya safari ndefu inayomnufaisha jirani na safari fupi isiyomnufaisha mwingine.

Deni lisilolipika

Hata hivyo, moyo wa mchezo huu ni hisa. Kila hisa anayoitoa mchezaji humpatia dola 5,000 papo hapo. Kuanzia hapo, mwishoni mwa kila duru, hulipa gawio la dola 1,000 kwa hisa hiyo, na hakuna kanuni inayomruhusu kuinunua tena. Baada ya duru tano huwa amekwisha kulipa kiasi kilekile alichopokea, na bado gawio linaendelea hadi mwisho. Asiye na fedha za kulipa hulazimika kutoa hisa nyingine, na hivyo kulipa deni la zamani kwa deni jipya.

Ingekuwa rahisi kudhani kwamba dawa ni kuogopa kukopa. Mchezo hauikubali dawa hiyo. Aliyekopa kidogo mno hujenga reli fupi, huchelewa kuboresha kichwa cha treni, na anapokuwa tayari hukuta shehena nono zimekwisha kusafirishwa na wenzake. Michemraba iliyoondolewa ubaoni hairudi yenyewe, na miji ya kutosha ikibaki mitupu mchezo hufikia tamati. Swali gumu, basi, ni lini mtu akope na akatumie wapi. Hisa iliyojenga njia itakayotumika duru baada ya duru hujilipa. Ile iliyopotea kwenye mnada kwa kutaka tu kutangulia aghalabu humwelemea mwenyewe.

Aidha, mapato hayapandi daima. Kadiri alama zinavyoongezeka ndivyo mapato yanavyokua, lakini yakishafika kilele huanza kupungua. Aliyeko mbele hujikuta analipa gawio lilelile kwa mapato yanayosinyaa, huku aliyeko nyuma akipata nafasi ya kumkaribia. Kila mchezaji pia hushika kadi ya siri yenye jina la tajiri wa reli wa karne ya 19, inayoahidi alama za ziada kwa atakayetimiza sharti lake, hivyo mshindi hajulikani hadi kadi zote zifunuliwe.

Jina likaondoka, mchezo ukabaki

Jina la Railroad Tycoon halikudumu kwenye ubao. Mchezo ulipochapishwa upya mwishoni mwa muongo huo uliitwa Railways of the World, bila jina la mchezo wa kompyuta uliouzaa. Katika toleo hilo hata zile hisa zilipewa jina linalofanana zaidi na kazi yake, yaani hatifungani. Ramani za nchi nyingine zilifuata, zikiwemo za Ulaya na za Uingereza, na kanuni za msingi zikabaki zilezile.

Kwa upande wa kompyuta, jina hilo liliendelea kwa muda katika matoleo ya mwaka 1998 na 2003, ambayo yalitengenezwa na kampuni ya PopTop Software. Meier mwenyewe alirudi kwenye reli mwaka 2006 kwa mchezo wa Sid Meier's Railroads!

Mezani, hesabu ya mwisho hubaki mikononi mwa wachezaji. Shehena zikishakwisha na kadi za siri kufunuliwa, kila mmoja hupunguza alama moja kwa kila hisa aliyowahi kuitoa. Wawili waliolingana kwa kila kitu, mmoja akiwa na hisa tisa na mwingine kumi na mbili, hutenganishwa na alama tatu, na mara nyingi hisa hizo tatu ni zile zilizotolewa katika duru ya kwanza, wakati hakuna aliyekuwa na hata dola moja.