Ekseli ya Nyuma ya Hotrodi

Ekseli ya nyuma ya hotrodi ni mhimili unaobeba uzito wa sehemu ya nyuma ya gari, unaoshika breki na magurudumu, na ambao katikati yake mna difu, yaani mkusanyiko wa gia unaopokea mzunguko kutoka kwenye propela shafti, kuugeuza kwa pembe mraba na kuugawa kwa magurudumu mawili. Hotrodi yenyewe ni gari la zamani, aghalabu Ford ya kati ya mwaka 1928 na 1934, ambalo mwenyewe hulipunguzia uzito, hulishusha chini na kulitia injini yenye nguvu kuliko ile ya kiwandani. Ufundi huo ulikomaa kusini mwa California, ambako vijana wa miaka ya 1930 walishindana kwa mwendo kwenye sakafu za maziwa makavu ya Muroc na El Mirage, na ambako klabu zao ziliunda shirikisho la SCTA mwaka 1937. Kwa kuwa magari haya hujengwa nyumbani kwa vipuri vya magari mbalimbali, hakuna kiwanda kinachomwamulia mjenzi ekseli ipi ikae chini ya gari lake, ilhali uamuzi huo hugusa kimo cha gari, upana wa matairi, kasi ya injini barabarani na hata mahali pa kuweka tangi la petroli.

Ford za asili, hadi zile za mwaka 1948, zilikuwa na propela shafti iliyofichwa ndani ya bomba la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye pua ya difu, na bomba hilo ndilo lililosukuma gari mbele, kwa sababu springi ilikuwa moja tu, ya majani, iliyolazwa kutoka kulia kwenda kushoto, isiyoweza kuzuia ekseli isisogee mbele na nyuma. Mpango huo ulifaa injini ndogo za wakati wake, lakini giaboksi za baadaye hazina mahali pa kuungia bomba la namna hiyo, na ncha za hafu-shafti zake, yaani shafti mbili zinazopeleka mzunguko kutoka difu hadi magurudumu, zilizochongwa mfano wa koni na kushikwa kwa ufunguo mdogo wa chuma, hazipendi torki kubwa. Ford ilipohamia kwenye propela ya wazi na springi mbili za majani mwaka 1949, wajenzi walipata ekseli zinazoweza kuhamishwa kutoka gari moja kwenda jingine bila kubeba mfumo mzima. Baadhi yao bado huweka difu ya Halibrand, iliyotokana na mashindano, ambayo uwiano wake wa gia hubadilishwa kwa kufungua kifuniko cha nyuma na kuchomoa gia mbili tu; hupendeza kutazamwa chini ya gari lisilofunikwa nyuma, ila meno yake yaliyonyooka huvuma, na kwa safari ndefu mvumo huo huchosha.

Ekseli inayotajwa zaidi kuliko zote ni ile ya Ford ya inchi 9, iliyotengenezwa kuanzia magari ya mwaka 1957 hadi 1986 na kupewa jina kwa kipenyo cha krauni yake, ambayo ndiyo gia kubwa ya duara inayosukumwa na pinioni, gia ndogo iliyo kwenye ncha ya propela. Kiini chake chote cha gia hutoka kwa mbele, kama ilivyo kwenye difu ya Toyota Hilux ambayo mafundi wengi wa Afrika Mashariki wameishusha mara nyingi, na hivyo kinaweza kurekebishwa juu ya meza ya karakana badala ya kufanyiwa kazi chini ya gari. Pinioni yake hushikwa na beringi ya ziada kwenye ncha ya ndani, na hafu-shafti zake huzuiwa na beringi iliyokandamizwa pamoja na bamba la bolti nje ya nyumba ya difu, tofauti na ekseli nyingi ambazo shafti zake hushikwa kwa kipete chenye umbo la herufi C kilicho ndani. Shafti ya namna hiyo ikikatika, gurudumu laweza kutoka nayo. Sifa hizi ni za kweli, lakini zimefanya ekseli hiyo inunuliwe na watu wasioihitaji. Pinioni yake imekaa chini sana ya kitovu cha krauni, meno huteleza zaidi yanaposukumana, na nguvu kidogo ya injini hupotea kuwa joto. Juu ya hayo ni nzito. Gari jepesi lenye V8 ya kawaida na matairi ya barabarani huteleza magurudumu kabla ya kuvunja shafti, kwa hiyo ekseli ndogo ya Ford ya inchi 8, iliyotumika kati ya mwaka 1962 na 1980 katika magari kama Mustang na Maverick, hutosha kwa hotrodi nyingi, nayo kiini chake hutoka kwa mbele vilevile. Zile za General Motors zenye bolti 10 au 12 za kifuniko ni chaguo la anayetumia injini ya Chevrolet na kutaka magurudumu yafanane.

Kinachopaswa kuamua ni upana, na kipimo cha upana ni umbali kutoka uso ambao gurudumu hufungwa upande mmoja hadi uso wa pili. Mjenzi huanza na nje, si na ekseli: hupima nafasi iliyopo kati ya madigadi, huondoa pengo la usalama, kisha huchagua tairi na rimu. Ikiwa umbali unaotakiwa kati ya kingo za nje za matairi ni milimita 1,660, na tairi lina upana wa milimita 205 kwenye rimu ambayo uso wake wa kufungia uko katikati kabisa, ekseli inayofaa ni ya milimita 1,455. Na hicho karibu ndicho kipimo cha ekseli za Ford za mwaka 1957 hadi 1959 na za Mustang ya 1965 na 1966, ambazo zina inchi 57.25. Rimu yenye uso uliosogezwa ndani au nje hubadilisha hesabu hiyo mara mbili, kwa kuwa kila upande una yake, na kosa la kawaida ni kununua ekseli kwanza, halafu kutafuta rimu za kuficha upana wake. Mpangilio wa bolti za magurudumu nao hutazamwa mapema: Ford za zamani zilikuwa na bolti 5 kwenye duara la milimita 139.7, za baadaye milimita 114.3, na Chevrolet nyingi milimita 120.65.

Ekseli pana mno hupunguzwa. Mfano mzuri ni ile ya Ford Explorer ya mwaka 1995 hadi 2001, yenye krauni ya inchi 8.8 na breki za diski, ambayo pinioni yake imesogea upande wa kulia, hivyo bomba la kushoto ni refu kuliko la kulia. Mjenzi hukata bomba refu kwa takriban sentimita 7, hulichomelea tena, kisha huweka pande zote mbili hafu-shafti fupi ya upande wa kulia, na kwa kazi hiyo moja hupata ekseli ya milimita 1,440 hivi yenye pinioni katikati. Ukataji si sehemu ngumu. Ugumu uko katika kunyoosha. Kabla ya kuchomelea, chuma cha duara kilichonyooka hupitishwa ndani ya mabomba yote mawili kikiwa kimeshikwa na bushi zilizokaa mahali pa beringi, bomba hushikizwa kwa nukta chache, kisha welding hupigwa kwa vipande vifupi vinavyoelekeana, upande huu na upande ule, huku chuma kikipewa muda wa kupoa. Fundi huendelea kukizungusha kile chuma cha ndani kwa mkono; kikianza kugoma, bomba limepinda, na beringi zingekufa mapema.

Uwiano wa gia ni idadi ya mizunguko ya propela kwa mzunguko mmoja wa gurudumu. Kwa tairi lenye kipenyo cha inchi 28, ambalo kwa kila mzunguko husogeza gari karibu mita 2.23, mwendo wa kilomita 100 kwa saa ni mizunguko 746 ya gurudumu kwa dakika. Difu ya 3.00 itaifanya injini izunguke takriban mara 2,240, ya 3.50 mara 2,610, na ya 4.11 mara 3,070, endapo gia ya juu ya giaboksi ni ya moja kwa moja. Giaboksi ya 700R4 ya General Motors, ambayo gia yake ya nne ni 0.70, huishusha hiyo ya 3.50 hadi mara 1,830 hivi, na ndiyo sababu gia fupi, yaani yenye namba kubwa, huvumilika kwenye gari lenye giaboksi ya namna hiyo na huudhi kwenye lisilo nayo. Anayekuta ekseli isiyo na kibandiko kwenye yadi ya vyuma chakavu anaweza kuupata uwiano bila kufungua kitu: gurudumu moja hushikwa lisisogee, la pili huzungushwa mara mbili kamili, na mizunguko ya pua ya difu ikahesabiwa kwa alama ya chaki. Njia hiyo inafaa difu ya kawaida; ile yenye kizuizi cha mtelezo hugeuza magurudumu yote mawili kuelekea upande mmoja, nayo huzungushwa mara moja tu.

Ufungaji huanza gari likiwa kwenye kimo litakachokuwa nacho barabarani, na hapa ndipo haraka huharibu kazi nyingi. Chesisi tupu husimama juu zaidi ya gari lililokamilika, kwa hiyo mabano ya springi hushikizwa kwa nukta tu hadi injini, giaboksi na bodi viwepo, au uzito wa kuvikaimu. Umbali wa ekseli mbili, ambao ni inchi 103.5 kwa Ford Model A na 106 kwa Ford ya 1932, hupimwa pande zote, kisha mishazari ya chesisi hulinganishwa, kwa kuwa ekseli iliyokaa mshazari hulifanya gari liende ubavu. Juu ya ekseli huachwa nafasi ya walau milimita 75 ya kupanda. Gari likishushwa kuliko hapo, chesisi hukatwa na kuinuliwa upande wa nyuma.

Pembe ya pinioni huleta mtetemo pale inapopuuzwa. Krosi, yaani jointi ya msalaba, ikizunguka ikiwa imepinda, huharakisha na kuchelewesha propela mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya pili hufuta kasoro hiyo ikiwa tu imepinda kwa pembe ileile. Hivyo injini iliyoinama nyuma kwa nyuzi 3 hudai pua ya difu iinuke nyuzi 3, mistari yao ikae sambamba, na kila krosi ifanye kazi kwenye pembe ya nyuzi 1 hadi 3, kwani hata krosi iliyonyooka kabisa huchimbika pale beringi zake zisipoviringika. Kwenye springi za majani, ambazo hujipinda gari linapoondoka, pua hushushwa nyuzi 1 au 2 kuliko hesabu. Mikono minne iliyo sambamba, mfumo unaopendwa pamoja na shokapu zenye springi ya koili, huilinda pembe hiyo vizuri, lakini huhitaji ufito wa kukingama ili ekseli isiyumbe kulia na kushoto; ikiwa mikono miwili ya juu imewekwa mshazari, ufito huo hauna kazi.

Propela hukatwa mwishoni, uzito wote ukiwa kwenye magurudumu, na ncha yake inayoteleza ndani ya giaboksi huachiwa nafasi ya milimita 20 hadi 25. Gia zenyewe, ambazo uchezaji wa meno yake kwa kawaida huwa kati ya milimita 0.20 na 0.30 na alama ya mguso husomwa kwa rangi iliyopakwa kwenye krauni, ni afadhali zipangwe na fundi mwenye vipimo vya kazi hiyo. Nyumba ya difu hutiwa mafuta ya daraja la GL-5, na difu yenye kizuizi cha mtelezo huongezewa dawa yake maalumu. Kitundu cha kupumulia hakizibwi kwa rangi, kwani joto litasukuma mafuta yapite kwenye sili hadi kwenye breki. Gia mpya huendeshwa polepole kilomita 20 au 30, huachwa zipoe, na mafuta ya kwanza humwagwa baada ya kilomita 800 hivi. Yakitoka na unga laini wa chuma ni jambo la kawaida, lakini yakitoka na vipande vinavyoshikika kwa vidole, difu ifunguliwe kabla gari halijaendeshwa tena.